LUGHA YA KOMPYUTA INAPOSTAAFISHWA

Najua wengi wenu mkifungua jarida hili hutazamia ngeli, methali na uchambuzi wa riwaya teule. Leo naomba mnivumilie. Lugha ninayotaka kuizungumzia haina ngeli hata moja, nayo yaitwa Python. Msigeuze ukurasa kwanza, kwa maana kisa chenyewe kinakihusu chama chetu, na hasa kinanihusu mimi.

Lugha hii ya kuandikia programu za kompyuta ilibuniwa na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum, akaitoa kwa umma mwaka wa 1991. Toleo la pili lilitoka mwaka wa 2000, na la tatu likafuata Desemba 2008. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwani la tatu halikusikizana na la pili. Ni kama kumpa gazeti la leo mzee wa Lamu wa zamani aliyesoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu tu. Maneno ni yale yale lakini hataweza kuyasoma.

Tofauti zenyewe ni nyingi, nami nitataja tatu. Kwanza ni amri ya print, ambayo huiambia kompyuta iandike kitu kwenye skrini. Katika toleo la tatu lazima kinachoandikwa kiwekwe ndani ya mabano. Katika la pili haikuwa lazima. Pili ni herufi. Sisi waswahili tuna ng’ombe na ng’ambo, na ile alama ya ritifaa, ikiwa ni ile iliyopinda kama vitabuni, iliisumbua sana Python ya pili. Ukiiuliza neno ng’ombe lina alama ngapi ingeweza kukujibu tisa, kwa sababu ilihesabu vipande ambavyo kompyuta huvitumia kuhifadhi herufi wala si herufi zenyewe. Ya tatu husema saba. Hesabu wewe mwenyewe uone nani mkweli.

Tatu ni kugawanya. Hii iweke akilini. Ukigawanya 7 kwa 2, Python ya pili husema 3, basi, nusu inatupwa. Ya tatu husema 3.5.

Sasa twende ghalani. Debian ni mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993. Una ghala la programu, na katika toleo lake la 12 mafurushi yalikuwa zaidi ya 64,000. Walinzi wa ghala hilo wengi ni watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi waliweka Python zote mbili bega kwa bega, yaani kazi moja ikifanywa mara mbili.

Wenye Python walikuwa wamesema toleo la pili litaachwa mwaka wa 2015. Watu wakalia kwamba hawajawa tayari, na mwaka wa 2014 muda ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Baada ya siku hiyo, tundu likionekana ambamo mwizi anaweza kupitia, waundaji hawaji tena kuliziba. Je, nani angeliziba? Mlinzi wa ghala, peke yake. Ndiyo maana watu wa Debian waliamua kuitoa.

Lakini huwezi kung’oa tu. Furushi hili hutegemea lile, nalo lile hutegemea jingine, kama matofali ya ukuta. Ukichomoa la chini ukuta wote unakuangukia. Kwa hivyo walianza na yale ya juu kabisa ambayo hayategemewi na yeyote, wakashuka pole pole. Mwaka wa 2019 waliandikia taarifa kila furushi lililokuwa bado limeshikilia toleo la pili: ama lihamie la tatu, ama liondolewe. Debian 11 ilipotoka Agosti 2021, Python ya pili bado ilikuwemo kwa sababu ya wachache walioihitaji. Debian 12, ya Juni 2023, ikatoka bila hiyo kabisa.

Haya, na chama chetu? Mwenyekiti mmoja wa zamani alituachia programu ndogo ya mashindano ya insha. Unaingiza alama za walimu wawili, inatafuta wastani na kupanga washindi. Wakilingana, inawapanga kwa alfabeti. Likizo ya Aprili kompyuta za maabara ziliwekwa Debian 12, na tuliporudi programu ikagoma. Kosa? Mabano ya print! Nikatumia programu iitwayo 2to3, ambayo hugeuza maandishi ya toleo la pili kuwa ya tatu. Ikafanya kazi mara moja, nikajiona fundi.

Ili kuijaribu nikaingiza alama za mwaka jana. Kumbe 2to3 haigusi kugawanya. Mwaka jana mimi nilikuwa na 70 na 72, wastani 71. Msichana mmoja, ambaye sasa yuko Kidato cha Nne, alikuwa na 71 na 72. Python ya pili ilitupa nusu yake, naye akapewa 71. Tukalingana, na jina langu laanza na B, lake na W. Kamusi nikaichukua mimi, mkapiga makofi. Sasa skrini ilisema 71.5, na jina lake lilikuwa juu yangu.

Ningeweza kuandika alama moja tu ya mkwaju zaidi, na Python ya tatu ingeitupa nusu kama zamani. Hakuna ambaye angejua. Jioni ile nilikosa matatu mbili nikiwa nimekaa pale. Kesho yake nikamwonyesha mlezi wa chama karatasi zote mbili. Alizitazama kitambo, kisha akaniuliza kamusi iko wapi.

Ijumaa iliyofuata nilimpelekea mwenyewe. Ukurasa wa kwanza una jina langu kwa kalamu ya wino, nami nimelipiga mstari mmoja na kuandika lake chini.