Uhamishaji wa Muziki kutoka CD hadi Kompyuta: Mpangilio wa Kazi kwa Mikusanyiko ya Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Mlima Kilimambogo, ulio karibu na mji wa Thika, ndio ulioipa jina bendi ya Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, mwanamuziki aliyeimba kwa Kikamba na Kiswahili na kufariki mwaka 1987. Muziki wa kizazi hicho ulitoka kwanza katika santuri, ukanakiliwa katika kanda, kisha katika CD. Si ajabu basi kukuta majumbani Thika na Ruiru makasha yaliyojaa CD, ilhali kompyuta nyingi za leo huuzwa bila mahali pa kuziingizia. Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kuzihamisha haumo katika mashine bali katika mpangilio.

2.0 Kipi kitangulie?

CD ni za aina mbili. Zilizochapwa kiwandani hubeba vishimo vilivyogandamizwa katika plastiki, nazo hudumu. Zilizochomwa kwa kompyuta hubeba alama katika utando wa rangi unaoharibiwa na mwanga na joto. Aghalabu aina hii ya pili ndiyo yenye nyimbo za kwaya ya mtaani au sherehe ya harusi, ambazo huenda hazina nakala nyingine popote. Kwa hiyo, mwenye mkusanyiko asianze na CD anazozipenda zaidi. Aanze na zilizo dhaifu na za pekee.

3.0 Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha. Kila CD ipewe nambari, na nambari hiyo iandikwe kwenye kasha na katika daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya pili ni kunakili. Sauti iliyomo katika CD tayari ni ya kidijitali. Hakuna haja ya kuicheza na kuirekodi upya. Programu kama Exact Audio Copy huisoma data yenyewe na kuonyesha palipo na kasoro. Mfumo unaofaa kuhifadhia ni FLAC, ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sauti yoyote. MP3 hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Nakala ya MP3 ya kusikiliza kwenye simu yaweza kutolewa baadaye kutokana na FLAC.

Hatua ya tatu ni kutaja majina, nayo ifanywe papo hapo CD ikiwa mkononi. Majina yanayoletwa na intaneti yahakikiwe, kwani CD nyingi za nyumbani hazimo humo. Tahajia nayo iamuliwe mapema: nyimbo za Kikuyu zikiandikwa mara kwa ĩ na ũ, mara kwa i na u, msanii mmoja atageuka wawili.

Hatua ya nne ni kuweka nakala mbili katika diski tofauti, moja Thika na nyingine, kwa mfano, kwa jamaa aliyeko Ruiru.

4.0 Hesabu ya muda na nafasi

Iwapo kila CD itachukua dakika 15, CD 1,000 zitahitaji saa 250. Kwa saa 2 kila siku, kazi itaisha kwa siku 125. Sauti ya CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. CD ya dakika 60 ni megabaiti 600, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu. Mkusanyiko mzima utaenea katika gigabaiti 300 hivi.

5.0 Hitimisho

Kunakili hakumpi mtu haki ya kuuza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ingali inawalinda wenye kazi. Hata hivyo, kuhifadhi ni wajibu. Wimbo usiochezeka umepotea, na wimbo unaochezeka bila jina la mwimbaji umepotea nusu. Daftari na diski viende pamoja.