Timbo Lililosahauliwa: Jifunze Kulitambua Kutoka Juu

Kila nyumba ya mawe unayoiona Kisauni ina shimo lake mahali fulani. Mawe ya matumbawe yalichongwa ardhini, lori likayabeba, nyumba ikasimama, na timbo likaachwa wazi. Miaka ikipita, kichaka huota, shamba huuzwa, na anayehamia hajui kwamba nyuma ya boma lake kuna shimo la kumzamisha mtu mzima.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza daktari ana habari gani na mashimo. Anayo, kwa sababu mbili: malaria na kuzama. Maji ya mvua yakituama kwa wiki moja hadi mbili, yanamtosha mbu anofelesi kutoka yai hadi kuruka. Mbu huyo kwa kawaida haendi mbali sana, kilomita moja au mbili hivi. Kwa hiyo timbo la jirani ni lako pia. Naye mtoto anayeingia kuogelea hukuta ukuta uliokatwa wima, hana pa kukanyaga atoke.

Ukitembea kwa miguu unaweza kulipita timbo kwa hatua 20 usilione. Kutoka juu hujificha kwa shida. Siku hizi picha za setilaiti hupatikana katika simu, na msafiri wa ndege anaweza kuchungulia dirishani. Tazama dalili hizi:

1. Ukingo ulionyooka. Bwawa la asili hupindapinda. Jiwe likikatwa na binadamu huacha pembe na ngazi.

2. Kivuli. Picha nyingi za setilaiti hupigwa asubuhi, jua likiwa mashariki. Nyumba hutupa kivuli nje, upande wa magharibi. Shimo hushika kivuli ndani, chini ya ukuta wake wa mashariki.

3. Njia isiyofika popote. Barabara pana ya lori inayoishia kichakani ilikuwa na kazi zamani.

4. Rangi. Wakati wa kiangazi utaona weupe wa jiwe. Baada ya masika, maji ya kijani au meusi. Linganisha picha za miezi tofauti.

Kama ilivyo kwa homa, dalili moja haitoshi kutaja ugonjwa. Paa la bati nalo hung'aa, na shamba pia lina pembe. Dalili mbili tatu zikikutana, nenda ukahakikishe mchana, ukifuatana na mzee anayekumbuka mahali palipochimbwa.

Somo la Bamburi

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na uchimbaji ukaacha uwanja mweupe usioota kitu. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Jongoo waliletwa kuyasaga majani yake yawe udongo, na mabwawa yakatiwa samaki. Sehemu hiyo, ijulikanayo leo kama Haller Park, ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1984.

Ukiitazama kutoka angani unaweza kuapa kuwa ni msitu wa tangu mababu. Basi ujani peke yake usikudanganye: chini ya miti huenda pana timbo. Tofauti ni kwamba hili lilitibiwa. Mengi madogo, yaliyochimbwa kwa sururu, hayakupata wa kuyatibu.

Dar es Salaam nako picha za angani zilitumika katika mpango wa kupambana na malaria ulioanza mwaka 2004. Ramani zilizochorwa kwa mkono mitaani zililinganishwa na picha hizo, ili vipande vya ardhi vilivyoachwa nje navyo vikaguliwe. Macho ya juu na miguu ya chini vilisaidiana.

Ukilipata, fanya nini?

Mjulishe mwenye shamba, chifu na afisa wa afya ya umma. Usilijaze taka: jiwe la matumbawe lina vitundu, na uchafu hushuka hadi kwenye maji ya visima. Shimo dogo lijazwe kifusi na udongo. Kubwa lizungushiwe ua. Lenye maji ya kudumu laweza kutiwa samaki. Utafiti wa Kisii uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa tilapia katika mabwawa yaliyoachwa walipunguza mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94. Hata hivyo chandarua kisiondoke kitandani, na mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo kabla ya kumeza dawa.

Mtu akizama, usijitose kama hujui kuokoa. Mrushie kamba au jerikeni tupu lililofungwa. Akitolewa bila kupumua, usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, mkandamize katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Hata akizinduka, mpeleke: mapafu yaliyoingia maji huweza kumzidia saa kadhaa baadaye.