Nyangumi Muuaji Aliyekwama Ufukweni: Mwongozo kwa Mvuvi wa Nyasa Anayeshuka Pwani

Barabara ya kutoka Mbamba Bay kupitia Mbinga, Songea, Tunduru na Masasi hadi Mtwara ina zaidi ya kilomita 800. Mwongozo huu ni wa mtu wa Liuli, Lituhi au Mbamba Bay aliyezoea mbasa na dagaa wa Nyasa, ambaye kazi au safari imemfikisha kwenye ufukwe wa Bahari ya Hindi. Ujuzi wake wa ziwa utamfaa katika mengi, lakini jambo moja litampotosha. Samaki akitupwa nchi kavu hufa kwa kukosa maji, kwa hiyo mvuvi hukimbilia kumrudisha majini. Nyangumi si samaki: anavuta hewa kwa mapafu. Akikwama, anauawa na joto, na uzito wake mwenyewe, na pupa ya wanaotaka kumsaidia.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Palipo na uhakiki, usianze hatua mpya kabla ya kuukamilisha.

Maneno matatu yatatumika kwa maana moja tu. "Mnyama" ni nyangumi muuaji aliyekwama. Hatua hizi hizi zinamhusu pia pomboo, ambaye ni wa ukoo huohuo na huonekana zaidi kwenye pwani yetu. "Tundu" ni tundu la pumzi lililo juu ya kichwa. "Kiongozi" ni mtu mmoja anayetoa amri zote.

1. Tambua mnyama. Simama umbali wa mita 20. Nyangumi muuaji ana mgongo mweusi, tumbo jeupe, na baka jeupe juu kidogo na nyuma ya jicho. Dume mzima huweza kufika mita 9 na kuzidi tani 6, na pezi lake la mgongo hukaribia mita 1.8. Mkia wake umelala kama ubao, tofauti na mkia wa samaki unaosimama wima.
Uhakiki: kama uko kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ishia hapa. Ziwa hili halina nyangumi wala pomboo. Maji yake hutoka kwa Mto Shire kuelekea Zambezi, na njiani yapo maporomoko, kama ya Kapichira. Kiumbe mkubwa aliyelala mchangani Mbamba Bay ni kiboko au mamba. Ondoka, ondoa watoto, mwite afisa wanyamapori.

2. Teua kiongozi na uzuie umati. Kiongozi awe mwenyeji wa diko, ikiwezekana mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Wewe mgeni msalimie, mweleze unachokijua, kisha umwachie amri. Zungushia kamba umbali wa mita 50 na waingie watu wasiozidi 8. Mbwa, muziki na picha za kukaa mgongoni mwa mnyama ni marufuku.
Uhakiki: muulize kila aliye ndani ya kamba, "Kiongozi ni nani?" Wote wataje jina moja.

3. Piga simu. Ukiwa Mtwara, mtafute afisa uvuvi wa wilaya pamoja na ofisi ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukikosa namba zao, piga 112 uombe polisi wawaarifu. Sema kwa mpangilio huu: mahali, saa mnyama alipoonekana, urefu wake kwa hatua za mtu mzima, anapumua au hapumui, yuko peke yake au wako wengi, maji yanajaa au yanakupwa.
Uhakiki: anayepokea simu akurudishie maelezo yote sita kwa kinywa chake.

4. Kusanya vifaa. Unahitaji ndoo 10, mashuka ya pamba 8 (kanga zinafaa), mabeleshi 4, turubai 1, glavu na barakoa kwa kila mtu, saa, daftari na kalamu. Mafuta ya kujipaka yasikaribie ngozi ya mnyama. Kila mtu avue pete na saa ya mkono. Ngozi hiyo huchanika upesi kuliko inavyoonekana.

5. Linda tundu. Hatua hii haikomi hadi mwisho wa zoezi. Weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tundu tu. Asimame ubavuni karibu na kichwa, upande upepo unakotokea, ili pumzi isimpige usoni, maana inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa. Maji, mchanga na nguo visiingie kwenye tundu. Kama mnyama amelala ubavu na tundu limegusa mchanga, fukua mchanga ulio chini yake. Pomboo wa mita 2 huweza kulazwa kifudifudi na watu 4. Nyangumi muuaji mzima usijaribu kumgeuza.
Uhakiki: tundu lifunguke na kufungwa mara 3 mfululizo bila kizuizi.

6. Poza mwili. Tandaza mashuka yaliyoloweshwa maji ya bahari kuanzia nyuma ya tundu. Usifunike tundu, macho, pezi la mgongo, mapezi ya ubavu wala mkia. Mapezi na mkia ndiko joto la mwili linakotokea, kwa hiyo mapezi yamwagiwe maji mfululizo, taratibu, kwa ndoo. Jua likiwa kali, nyosha turubai juu ya mnyama bila kumgusa. Usisimame ndani ya mita 5 kutoka mkiani: pigo moja linavunja mifupa ya mtu.
Uhakiki: kila baada ya dakika 5, gusa shuka kwa glavu. Likiwa vuguvugu, liloweshe upya.

7. Chimba chini ya mapezi ya ubavu. Mnyama aliyezaliwa kuelea hajajengwa kubebwa na mchanga. Uzito hukandamiza mapafu na misuli yake. Chimba shimo chini ya kila pezi ili lining'inie, kisha ujaze maji ya bahari. Beleshi liishe nusu mita kabla ya ngozi. Palipobaki, chimba kwa mikono.

8. Andika pumzi. Hesabu pumzi kwa dakika 5, andika idadi na saa. Rudia kila nusu saa. Idadi inayopanda kutoka mstari hadi mstari inaonyesha mnyama anazidiwa. Punguza watu na kelele, ongeza maji. Daftari hili mkabidhi mtaalamu atakapofika. Litamfaa kuliko simulizi za watu 20.

9. Subiri maji yajae. Hapa ndipo wengi huharibu, maana kusubiri kunaonekana kama kutofanya kitu. Usifunge kamba mkiani. Usivute kwa boti. Kuvuta kinyumenyume hutegua uti wa mgongo na kusukumia maji kwenye tundu. Mwaka 2015, karibu na Hartley Bay nchini Kanada, nyangumi muuaji alikwama juu ya miamba kwa takriban saa 8. Watu walimfunika mablanketi na kummwagia maji, bahari ikajaa, akaelea mwenyewe. Julai 2021, huko Alaska, mwingine wa takriban mita 6 alimwagiwa maji ya bahari kwa saa kadhaa hadi maji yakamwinua. Katika visa vyote viwili, bahari ndiyo iliyombeba.
Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25. Tazama mstari wa mwani ulioachwa ufukweni na maji yaliyopita.
Uhakiki: mwulize nahodha mzoefu kama bamvua inakuja au inapita. Kama mnyama alikwama wakati wa kilele cha bamvua, maji yajayo huenda yasimfikie. Mpigie mtaalamu tena umweleze hivyo.

10. Mwache aondoke. Maji yakifika ubavuni mwake, ondoa mashuka yote, hesabu kama ni 8, kisha watu wote watoke majini. Lakini pomboo mdogo ashikwe, tumbo likiwa chini, kwenye maji ya kiunoni hadi aweze kusawazisha mwili wake mwenyewe. Aliyelala ubavu kwa muda mrefu huyumba akiachiwa mapema. Fuatilia kwa macho kwa saa 2, na siku inayofuata tembelea kilomita 5 za ufukwe kila upande.

11. Hifadhi mzoga endapo atakufa. Usile nyama, usichukue maini wala meno. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa kaskazini mwa Unguja, kati ya Kendwa na Nungwi. Msiba mkubwa namna ile ulihitaji kila mzoga usomwe na wataalamu. Mzoga uliokatwakatwa hauwezi kusomwa. Pima urefu, piga picha za pande zote, na uzuie watu hadi afisa afike.

12. Punguza hatari kabla ya kukwama. Nyangumi muuaji jike hubeba mimba ya miezi 15 hadi 18, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kifo cha jike mmoja ni pigo la miaka mingi kwa familia yake. Kwa hiyo: usitege jarife mahali pomboo wameonekana siku hiyo, okota kila kipande cha wavu uliochakaa ukichome nchi kavu, toa taarifa ya uvuvi wa baruti. Ukirudi nyumbani kazi haijaisha, kwa kuwa Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea na kumwaga maji yake baharini palepale kwenye hifadhi ya Mtwara. Mafuta ya transfoma kuukuu huweza kuwa na sumu ziitwazo PCB, ambazo hujikusanya kwenye mafuta ya nyangumi na kumfikia ndama kwa maziwa. Yasimwagwe mtoni. Yafunge kwenye pipa lisilovuja, andika juu yake yaliyomo, na umkabidhi afisa mazingira wa halmashauri kwa maandishi.