Sabato ya Abayudaya

Karibu na mji wa Mbale, katika nchi ya Uganda, wako watu waitwao Abayudaya. Mwaka 1919 mkuu wao, Semei Kakungulu, alishika dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Siku ya Ijumaa jua likichwa, huwasha mishumaa na kusali katika sinagogi, wala hawafanyi kazi hata usiku wa Jumamosi uingie. Idi Amin alipotawala, toka 1971 hata 1979, aliikataza ibada yao. Wengi wakaiacha, ila wachache waliishika kwa siri. Leo shule zao hupokea watoto wa dini zote. Na mwaka 2004 walianza chama cha kuuza kahawa pamoja na Wakristo na Waislamu. Angalieni, watoto: waliofungiwa mlango zamani, sasa wawafungulia wengine.