SOMO LA 12: TANGI LA SAMAKI

Katika somo lililopita mlijifunza kwamba samaki hupumua kwa matamvua. Maji huingia kinywani, hupita katika matamvua, na damu ya samaki huchukua oksijeni iliyoyeyuka katika maji hayo. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuwafuga samaki katika tangi la kioo ili tuwachunguze kwa karibu. Tutajifunza pia kwa nini samaki wa tangini hufa mara nyingi, hata pale maji yanapoonekana maangavu.

A. Miamba ya bahari na miamba ya ziwa

Katika bahari yenye joto, kama ile inayozunguka Unguja na Mafia, kuna matumbawe. Matumbawe ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa wingi. Hujijengea mifupa ya chokaa, na baada ya miaka mingi mifupa hiyo huwa miamba mikubwa. Samaki wa rangi nyingi hujificha humo. Wako watu wanaofuga matumbawe katika matangi nyumbani, lakini kazi hiyo ni ngumu. Huhitaji maji yenye chumvi ya kiasi maalumu, taa kali, na vyombo vya gharama kubwa.

Wanafunzi wa Bukoba na Muleba wako mbali na bahari. Hata hivyo, Ziwa Viktoria nalo lina miamba yake. Ukisimama ufukoni Bukoba mjini utakiona Kisiwa cha Musira, chenye majabali makubwa. Wilaya ya Muleba ina visiwa vingi, kama Bumbire. Katikati ya mawe yaliyo chini ya maji ya ziwa huishi samaki wadogo waitwao furu. Madume ya furu huwa na rangi za kupendeza: mengine ni mekundu, mengine ya samawati, mengine ya manjano. Majike mengi yana rangi ya kijivu. Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu.

Furu huishi katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo kumtunza ni rahisi kuliko kutunza matumbawe. Lakini kanuni iliyo kubwa ni moja kwa wote wawili, nayo ndiyo tutakayoitafuta katika kisa kifuatacho.

B. Kisa cha tangi la darasa la tano

Wanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya kando ya ziwa walitengeneza tangi la kioo. Jumatatu asubuhi walilijaza maji, na jioni ya siku iyo hiyo wakatia furu wanane. Kila mwanafunzi alitaka kuwalisha. Mmoja alitia makombo ya mkate, mwingine ugali, mwingine dagaa waliosagwa. Jumatano maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Ijumaa walikuta furu watano wanaelea, wamekufa.

Wanafunzi walihuzunika. Walisema, “Tangi letu ni chafu.” Wakamwaga maji yote, wakasugua mawe na kokoto kwa sabuni, kisha wakajaza maji ya bomba papo hapo. Maji yaling’aa hata mtu aliweza kusoma maandishi yaliyo upande wa pili wa tangi. Wakawarudisha furu watatu waliosalia. Kesho yake wawili walikuwa wamekufa. Alibaki mmoja tu, dume lenye mapezi mekundu, akihema juu ya maji.

Mwalimu alimhamishia dume huyo katika beseni pana lenye maji yaliyokwisha kukaa siku tatu. Kisha akawapeleka wanafunzi kwa mzee mmoja mvuvi.

“Shikamoo, babu,” walisema wanafunzi.

“Marahaba, wajukuu zangu. Furu wenu hawajambo?”

“Wamekufa, babu. Tuliwasafishia nyumba yao vizuri sana, nao wakafa.”

Mzee aliuliza walivyosafisha, nao wakamweleza. Akatikisa kichwa. “Nimevua katika ziwa hili tangu ujana wangu,” alisema, “sijamwona mtu akisugua mawe ya ziwa kwa sabuni. Mawe yale yana utelezi. Msiuchukie utelezi ule. Furu wanaishi juu yake.”

Wanafunzi walirudi darasani wakitafakari maneno hayo. Je, utelezi ulio juu ya jiwe una kazi gani?

C. Sumu isiyoonekana

Samaki hutoa taka kama viumbe wengine. Sehemu kubwa ya taka hiyo hupita katika matamvua, nayo ni amonia. Chakula kilichobaki kikioza, nacho hutoa amonia. Amonia haina rangi, na ikiwa kidogo huwezi kuinusa. Hata hivyo huunguza matamvua na kumwua samaki. Katika ziwa kubwa amonia hutawanyika. Katika tangi dogo haina pa kwenda.

Katika utelezi ulio juu ya mawe na kokoto huishi bakteria. Mmejifunza kwamba baadhi ya bakteria huleta magonjwa. Bakteria hawa ni wema. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati si sumu kali. Mimea ya majini huitumia kama mbolea, na inayobaki huondoka tunapobadilisha sehemu ya maji. Tunaweza kuandika hivi:

taka ya samaki → amonia → nitriti → nitrati → mimea

Bakteria hawa huongezeka polepole. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla hawajatosha. Sasa tunaweza kueleza makosa ya wanafunzi wale. Mara ya kwanza walitia samaki wengi na chakula kingi katika tangi lisilo na bakteria wa kutosha. Mara ya pili waliwaua kwa sabuni hata wale bakteria wachache waliokwisha kuanza. Tena maji ya bomba huwa na klorini, dawa inayowaua viini vya magonjwa ili tunywe maji salama. Klorini hiyo huwadhuru samaki na bakteria wema pia.

Kanuni ni hii: maji maangavu si lazima yawe maji salama. Afugaye samaki hufuga kwanza maji.

D. Kutengeneza tangi

Vifaa: tangi la kioo lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kimo cha sm 30, kokoto, mawe, mimea ya majini, ndoo mbili zisizowahi kutiwa sabuni, mpira mwembamba wa kunyonyea maji, kipimajoto, daftari.

Hatua:

1. Weka tangi juu ya meza imara, mbali na jua kali. Maji ya kimo cha sm 25 yatakuwa 60 × 30 × 25 = sm za ujazo 45,000, yaani lita 45. Maji hayo yana uzito wa kilo 45. Meza dhaifu haitafaa.

2. Osha kokoto na mawe kwa maji matupu. Usitumie sabuni kamwe. Panga mawe yaache mapango ya kujificha, na uhakikishe kwamba hayataporomoka.

3. Acha maji katika chombo kipana kilicho wazi kwa siku tatu kabla ya kuyatia tangini. Klorini ya maji ya bomba itatoka. Kama ni maji ya ziwa, yachujwe kwa kitambaa kwanza. Viluwiluwi vya kichocho visipompata mtu hufa katika muda wa siku mbili hivi.

4. Panda mimea. Kagua majani, na uondoe konokono wote, kwani baadhi ya konokono hubeba kichocho. Usilete gugumaji; mmea huo umeleta taabu kubwa ziwani.

5. Tia chembe chache za chakula kila siku, bila samaki, kwa wiki 4 hadi 6. Chakula hicho kitawalisha bakteria.

6. Ndipo utie samaki wawili au watatu wadogo. Mwalimu apate ushauri wa Afisa Uvuvi kabla ya samaki kuvuliwa.

Angalizo: Wanafunzi wasiingie ziwani kuchota maji wala kuvua, hasa penye majani mengi. Humo kuna kichocho, na ziwa ni refu na lina hatari nyingine. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kazi ya tangi, na suuza vizuri kila uanzapo.

E. Kazi za kila siku na kila wiki

Kila siku lisha mara moja, chakula kinachoweza kuliwa chote katika dakika mbili. Mwanafunzi mmoja tu awe na zamu ya kulisha. Pima joto la maji. Nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi zinafaa. Andika katika daftari.

Kila wiki nyonya kwa mpira sehemu moja ya tano ya maji, pamoja na taka zilizo chini, na ujaze maji yaliyokaa siku tatu. Usinyonye kwa mdomo. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha uachie. Mawe yakihitaji kusafishwa, yasuuze katika maji yaliyotoka tangini.

F. Dalili, sababu na tiba

1. Samaki wanahema juu ya maji alfajiri, lakini mchana hawajambo. Oksijeni imepungua. Mchana mimea hutoa oksijeni, usiku huitumia. Punguza samaki au mimea. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu kidogo, ili yachanganyike na hewa.

2. Samaki wanahema mchana na usiku, na matamvua ni mekundu mno. Huenda ni amonia. Acha kulisha kwa siku mbili, na badilisha robo ya maji kila siku.

3. Maji yamekuwa meupe. Chakula kimezidi. Ondoa mabaki, punguza chakula, wala usimwage maji yote.

4. Maji yamekuwa ya kijani. Mwani mdogo umeongezeka kwa sababu ya jua na nitrati nyingi. Sogeza tangi kivulini, na badilisha maji kidogo kidogo.

5. Jike halili, na kidevu kimevimba. Usimpe dawa! Jike la furu hubeba mayai na watoto wake kinywani kwa wiki mbili hadi tatu. Mwache atulie.

G. Tangi na ziwa

Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Mto mkubwa kuliko yote uingiao humo ni Kagera, na mto utokao ni Nile peke yake. Ziwa ni kubwa, lakini nalo ni kama tangi: kila kiingiacho hukaa muda mrefu. Udongo uliomomonyoka, mbolea na maji machafu ya miji hulisha mwani, na maji hupoteza uangavu. Jike la furu humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa na giza, huweza kukosea.

Katika miaka ya 1950 sangara aliletwa ziwani. Ameleta kazi na fedha kwa watu wengi, lakini ni samaki mkubwa alaye samaki wengine. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka upesi, na furu wakapungua mno. Wataalamu walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Furu wa kwenye mawe walisalimika zaidi, kwani katikati ya mawe yale sangara hapiti kwa urahisi. Aina nyingine chache zilipelekwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, zikazalishwa katika matangi ya kioo. Kwa hiyo tangi linaweza kuwahifadhi samaki waliotoweka ziwani. Lakini tangi haliwezi kuchukua mahali pa ziwa.

Wanafunzi wa kisa chetu walisubiri wiki tano. Dume lao liliishi katika beseni, na kila siku walilibadilishia nusu ya maji. Kisha walilirudisha tangini, na yule mzee akawapatia majike mawili ya aina ile ile. Mwezi wa tatu mwanafunzi wa zamu aliandika katika daftari: “Jike moja halili. Kidevu kimevimba.” Darasa zima lilishangilia kimyakimya.

Jaribio

Chukua chupa mbili zenye maji ya kiasi sawa, bila samaki. Katika chupa A tia punje mbili za ugali. Katika chupa B tia kijiko kimoja cha ugali. Zitazame na kuzinusa kwa siku nne. Andika mabadiliko uliyoyaona katika kila chupa. Umejifunza nini juu ya kulisha samaki?

Maswali

1. Amonia ya tangini hutoka wapi? Taja mahali pawili.

2. Kwa nini mzee mvuvi alisema furu wanaishi juu ya utelezi?

3. Tangi lina urefu wa sm 50, upana wa sm 30, na maji ya kimo cha sm 20. Lina lita ngapi za maji? Utaondoa lita ngapi kila wiki?

4. Kwa nini maji ya bomba hayafai kutiwa tangini papo hapo?

5. Tembelea kijito au ufuko ulio karibu na nyumbani, ukiwa na mtu mzima, wala usiingie majini. Andika vitu vitatu ulivyoona vikiingia katika maji. Kipi kinaweza kuzuiwa na watu wa kijiji chako, na kwa njia gani?