Tumbo Lisilosahau

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia, kwa hivyo msomaji mpendwa, kabla hujacheka, nisikilize.

Mwaka jana nikiwa kidato cha pili nilibandikwa jina "Bwana Ruhusa". Kila asubuhi baada ya uji nilikuwa nainua mkono kuomba kwenda msalani. Wenzangu walidai ninakwepa hesabu. Yote yalianza baada ya kuhara vibaya likizo ya Agosti. Homa ilikwisha, choo kikapimwa mara mbili, hakukuonekana amiba wala mdudu mwingine. Lakini tumbo likaendelea kuninyonga. Leo naendesha, kesho choo kigumu kama jiwe. Mhudumu wa zahanati moja alinitazama tu akasema, "Kijana, wewe huna ugonjwa, una uvivu." Jameni, maneno hayo yaliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Shangazi, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenipeleka kwa daktari aliyenisikiliza. Baadaye nilimsumbua mwalimu wa biolojia kwa maswali mpaka akanipa vitabu. Haya ndiyo niliyojifunza.

MARADHI YENYEWE

Madaktari huyaita kwa herufi tatu: I.B.S. Ni hali ya utumbo kuwa mwepesi wa kuudhika. Kwa kanuni za wataalamu za mwaka 2016, mgonjwa huumwa na tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, na maumivu hayo huambatana na angalau mawili kati ya haya: kwenda choo, choo kubadilika kwa idadi, na choo kubadilika kwa umbo. Dalili ziwe zimeanza miezi 6 au zaidi kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Utumbo hauna kidonda, na ndiyo sababu vipimo vya kawaida havioni kitu.

KINGA YA MWILI INAINGIAJE?

Kambi kubwa ya askari wa mwili iko utumboni, na kazi yao si mchezo. Kila siku hupitiwa na vyakula vya kila aina, pamoja na bakteria. Lazima wamzuie adui lakini wakiache chakula kipite kwa amani.

Miongoni mwa askari hao kuna seli za masti. Seli hizi hubeba vifuko vya kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Zikishtuliwa, huvimwaga. Histamini nayo huiamsha mishipa ya fahamu iliyo jirani. Mishipa ikishazoea kuamshwa, hata gesi kidogo au githeri inayojipitia huhisiwa kama kisu. Mwaka 2004 watafiti wa Bologna, Italia, walionyesha kwamba kadiri wagonjwa walivyokuwa na seli hizi nyingi karibu na mishipa ya fahamu, ndivyo maumivu yao yalivyozidi.

USHAHIDI

Mwezi Mei mwaka 2000, maji ya mji wa Walkerton, Kanada, yaliingiwa na bakteria. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafa. Miaka 8 baadaye, walioharishwa na maji yale walikuwa bado wanapatikana na I.B.S. kuliko majirani wao ambao hawakuugua. Kumbe adui aliondoka zamani, lakini askari hawakuteremsha silaha!

Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walieleza jambo la ajabu zaidi. Waliwalisha panya protini ya yai wakati panya hao wana maambukizi ya utumbo. Walipopona, protini ile ile ikawatia maumivu. Kinga ilikuwa imekosea: ilidhani chakula ni mshirika wa adui, ikakitengenezea kingamwili aina ya IgE, tena utumboni tu, si mwilini kote. Kisha wakawajaribu watu kwa kudunga utumboni mwao kiasi kidogo cha soya, ngano, gluteni na maziwa. Wagonjwa 12 wote walidhurika na kimoja au zaidi. Kati ya watu wazima wa afya 8, ni 2 tu.

Tusikimbilie kuhukumu, kwani watu hao ni wachache. Tena kinga si chanzo pekee: wasiwasi pia huchochea tumbo, maana ubongo na utumbo huongea kila wakati. Muulize yeyote asubuhi ya mtihani!

LA KUFANYA

Usijipime mwenyewe wala usinunue dawa za bakteria ovyo. Ukiona damu chooni, ukikonda, ukipata homa au ukiamshwa usiku na tumbo, nenda hospitali upesi. Hizo ni dalili za jambo jingine. Hali yangu haina dawa ya kuing'oa kabisa, ila kuna za kuituliza. Mimi huandika kwenye daftari ninachokula na kinachofuata, na nafuu nimeiona.

Nawe mwenzangu, nawa mikono na unywe maji safi, kwani mlango wa maradhi haya wakati mwingine ni kuhara kwa kawaida. Na ukimwona mtu akiomba ruhusa, usimpe jina. Nami sifichi tena, maana mficha maradhi kilio humuumbua.