Kuchora Makubaliano ya Vipimo vya Mfanano katika Data ya Mvua

Ninapotaka kujua vituo vipi vya mvua vinafanana, siridhiki na kipimo kimoja. Natumia uwiano wa Pearson, uwiano wa Spearman na umbali wa Euclid, kisha nachora jinsi vinavyokubaliana. Vinapopishana ndipo ninapojifunza zaidi. Kwa mvua za vuli natumia data za CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayochanganya setilaiti na vipimo vya vituo, zinazoanzia 1981 na kupatikana bure; nazisoma mahali pa kila kituo.

1. Ondoa msimu kwanza. Arusha na Nairobi zote zina masika na vuli. Ukilinganisha mvua ghafi za kila mwezi, uwiano utapanda kwa sababu ya kalenda tu. Chukua jumla ya Oktoba hadi Desemba ya kila mwaka, kisha toa wastani wa miaka yote.

2. Usihesabu shahidi mmoja mara mbili. Ukigawanya pia kwa mchepuko sanifu, umbali wa Euclid utazipanga jozi sawasawa na Pearson, kwa kuwa hapo kimoja hukokotolewa kutoka kwa kingine. Umbali uache katika milimita.

3. Geuza vipimo kuwa nafasi. Vituo 20 hutoa jozi 190. Kwa kila kipimo, zipange kuanzia inayofanana zaidi. Uwiano mkubwa ni mfanano, lakini umbali mkubwa ni tofauti, kwa hiyo umbali upangwe kuanzia mdogo.

4. Chora nukta. Weka nafasi za Pearson kwenye mhimili mlalo na za Spearman kwenye wima, nukta moja kwa kila jozi. Piga mstari wa mshazari. Rangi ionyeshe kilomita kati ya vituo. Rudia kwa Pearson na Euclid.

5. Fuatilia nukta zilizo mbali na mshazari. Pearson ikiipandisha jozi na Spearman ikaishusha, tazama 1997. Vuli ile, El Niño iliambatana na joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi, mvua zikafurika Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kama huo unaweza kuvuta Pearson juu. Spearman hutazama mpangilio wa miaka tu, hivyo haiyumbi sana. Ondoa 1997, chora upya. Nukta ikisogea karibu na mshazari, mfanano ule uliegemea mwaka mmoja.

Fanya hivi kabla ya kutumia kituo jirani kujazia data zilizopotea. Vituo vilivyofanana kwenye mafuriko tu havitakusaidia katika vuli ya kawaida, na mkulima hulima zaidi katika miaka ya kawaida.